Mlango ulie kwanza, mwenyeji afuate

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mchezo wako wa redio wa kutisha uanze kwa maneno ya mwenyeji au kwa mlio. Anza na mlio, kama kilivyofanya kipindi cha Marekani cha Inner Sanctum Mysteries, kilichoanza mwaka 1941, ambacho kilifunguliwa kwa mlango uliolia taratibu kwenye bawaba zake, kisha mwenyeji wake, Raymond Edward Johnson, akawakaribisha wasikilizaji kwa upole uliochanganyika na mizaha ya makaburini; kwangu mimi, upole huo ndio unaotisha zaidi. Mwenyeji wako naye asipaze sauti. Vifaa vya gharama havihitajiki: katika Lights Out, kipindi kingine cha redio cha kutisha cha Marekani, kichwa kilichokatwa kilikuwa kabichi tu iliyopasuliwa mbele ya maikrofoni. Baada ya mlio wa namna hiyo, acha kimya kidogo kabla mhusika yeyote hajasema.