Jibu: Ngome za Ulaya zilikuwa za mawe tangu mwanzo?
Ndugu, umeuliza kama ngome za zama za kati zilikuwa za mawe tangu mwanzo. Hapana. Wanormani, watu wa Normandia iliyoko kaskazini mwa Ufaransa ya leo, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, nyingi walizosimamisha harakaharaka zilikuwa kilima cha udongo, juu yake mnara wa mbao, na chini ua uliozungushiwa magogo. Mbao huoza na kuungua, hivyo mawe na chokaa vikachukua nafasi.

Mawe nayo yalivunjwa. Kwenye ngome ya Rochester, Uingereza, mwaka 1215, watu wa Mfalme John wa Uingereza walichimba chini ya kona ya mnara, wakaitegemeza kwa magogo, kisha wakayachoma kwa mafuta ya nguruwe 40. Kona ikaporomoka! Tazama picha zake kwa makini: kona tatu zina pembe kali, ile iliyojengwa upya ni ya mviringo.