Ikihamia kichwani bado ni saratani ya titi
Dada, umeuliza kama mama yako mwenye saratani ya titi sasa amepata na ya ubongo, kwa kuwa imeonekana kichwani. Hapana, hajapata saratani mpya ya ubongo. Seli za titi zikisafiri na damu hadi kichwani hubaki kuwa za titi, ndiyo maana daktari anauliza majibu ya kile kinyama kilichokatwa titini mwanzoni (kama seli zina HER2, protini inayozisukuma kukua, na vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni) kabla ya kuchagua dawa. Na kwamba kifua kilionekana safi kwenye picha haimaanishi kichwa nacho kiko safi. Ubongo una ukuta wake unaochuja damu, na dawa yenye molekuli kubwa kama Herceptin (inayolenga HER2) hupenya kwa shida sana, kwa hiyo seli chache zinaweza kujificha humo huku mwili mwingine ukiendelea vizuri. Hutokea zaidi kwa wenye HER2 chanya na wale ambao vipimo vyote vitatu vya vipokezi (viwili vya homoni na HER2) ni hasi. Nauguza wodi ya saratani, hili tunalieleza ndugu wa wagonjwa karibu kila wiki.

Ila si kila kichwa kuuma ni hilo, na asiye na dalili kwa kawaida hapigwi MRI (picha ya sumaku) ya kichwa. Kinachotutia wasiwasi ni maumivu mapya yanayozidi asubuhi, kutapika, degedege, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, macho kuona viwili, maneno kukwama. Akipata degedege au kulegea ghafla, mpelekeni siku hiyohiyo, msingoje tarehe ya kliniki.