Fulana 60 za kuprinti: pamba au poliesta?

Dada, kwa hizo fulana 60 za kundi la Moshi, anza na njia ya kuprinti, ndipo uchague kitambaa. Sablimesheni, yaani wino unaogeuzwa mvuke kwa joto na kuingia kwenye nyuzi za kitambaa, hushika kwenye poliesta nyeupe au ya rangi mpauko tu. Kwenye pamba picha itapauka ukifua mara ya kwanza. Kwa wino wa skrini, yaani unaosukumwa kupitia wavu wenye mchoro, chukua pamba ya gramu 180 kwa mita ya mraba. Ya 140 ni nyepesi, ikiwa nyeupe inaonyesha mwili.

Usiamini lebo. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuchome: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Ukikuta vyote viwili, ni mchanganyiko.

Tahadhari kubwa ni poliesta nyekundu yenye maandishi meupe. Wino wa kawaida wa skrini, uitwao plastisoli (wino wa plastiki), hukaushwa kwa nyuzi 160 hivi, na joto hilo huitoa rangi ya kitambaa ikapanda kwenye wino. Leo nyeupe, baada ya siku chache waridi! Mwambie fundi atumie wino wa joto dogo au atangulize tabaka la kuzuia rangi.

Kama watazivaa kupanda Kilimanjaro, wape poliesta. Pamba ikilowa jasho haikauki upesi, na baridi ya huko juu si ya mchezo. Nunua moja kwanza, ipime urefu, ifue, ipime tena, kisha lipia zilizobaki.