Reli ya stesheni ya mfano, upana gani?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi nipo Igogo hapa Mwanza, natengeneza stesheni yetu ya zamani kwa skeli ya 1 kwa 87, nimenunua vipande vya reli vya 16.5 mm ila kila nikiangalia njia inaonekana pana mno, nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Macho yako yako sawa, ulichonunua ndo kibovu. Hiyo 16.5 ukizidisha mara 87 unapata kama 1435 mm, upana wa SGR, ile reli mpya ya kisasa, wakati reli iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928 ni ya mita moja kamili, sasa gawa 1000 kwa 87 inakuja kama 11.5, ndo maana wengi wanatumia reli za 12 mm basi. Na usije ukapima TAZARA ukaleta huku, ile ni 1067. Halafu upana unapimwa ndani kwa ndani ya vichwa vya reli, sio katikati kwa katikati, hapo wengi wanachemka. Mataruma ya chuma, yale yanayolala chini ya reli kuzishika, usiyachonge kama vibao, yale yana umbo la karai refu lililopinduliwa, ncha zimekunjwa chini zinashika kokoto. Muombe stesheni masta ruhusa, upige picha ukiwa umeweka futi kamba pembeni.