Treni ya moshi Unguja?

Ndugu yangu, umeuliza kikundi chenu cha wapenda treni kikapande wapi treni ya moshi hapa Unguja. Hapana treni tena. Reli ya kutoka mjini hadi Bububu, waliyoijenga Wamarekani ikaanza kazi 1905, ilifungwa miaka ya 1920. Kabla yake Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alikuwa na kireli chake cha kwendea kasri ya Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu mwanzoni (raha hiyo!).

Lakini safari msiivunje. Anzieni Ngome Kongwe, maana karakana ya treni ilikuwa mle mle uani. Kisha piteni Malindi kwa miguu: picha za zamani zinaonyesha treni ikijipenyeza baina ya nyumba, aliyekaa barazani akinyoosha mkono anaigusa. Kuanzia hapo pandeni daladala ya Bububu, jua la mchana halina mzaha.

Mkitaka kichwa chenyewe cha treni ya moshi, vukeni bahari mwende makumbusho ya reli Nairobi. Kipo kichwa namba 5918, cha aina ya Garratt, kilichoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Uingereza miaka ya 1950: tani 250 na ushei juu ya reli ya upana wa mita moja! Kimesimama tu, lakini kukizunguka peke yake ni shughuli. Pasipoti msisahau.