Maswali ya Wasomaji: Kuandika Historia ya Kijiji

SWALI: Vijana wa kijiji chetu wilayani Bahi tunataka kuandika historia ya hapa, lakini wazee hawataji miaka. Tufanyeje? – Msomaji, Bahi

JIBU: Acheni kuuliza "mwaka gani?" Mzee akibanwa na swali hilo atakisia ili asiwavunje moyo, nanyi mtaandika kisio kama ukweli. Ulizeni tukio lilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana. Ugogo, nchi ya Wagogo mliyomo, una alama nzuri: reli kufika Dodoma (1910), njaa ya Mtunya (iliyoua watu wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, majeshi yakiwa yamechukua ng'ombe na nafaka), Uhuru (1961), na Operesheni Dodoma, iliyowahamishia watu vijijini kuanzia 1971. Kwa aliyekuwa ameshazaliwa tukio hilo lilipotokea, ulizeni alikuwa anachunga ndama, kazi ya watoto wadogo, au ng'ombe, kazi ya wakubwa zaidi. Hapo umri unakadirika vizuri kuliko kwenye kadi, ambayo mara nyingi nayo ni makisio.

Wahojini mmoja mmoja. Barazani msemaji hodari humeza wenzake, na akina mama hunyamaza, ingawa ndio wanaojua nani aliolewa kutoka wapi. Rekodini kwa Kigogo kwanza, tafsiri baadaye.

Kisha nendeni na mzee mmoja hadi kwenye mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Tafuteni vichuguu vya udongo wa tembe (nyumba za udongo zenye paa bapa) zilizoanguka, mawe ya kusagia, makaburi. Pigeni picha, choreni ramani, msichimbe wala kuokota kitu: kikishaondolewa mahali pake, nusu ya habari imepotea. Mwarifuni afisa utamaduni wa wilaya.