Nikisali naona naongea na ukuta

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu, Bibi, na shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni, Bagamoyo, nina miaka 34. Nilibatizwa nikiwa mchanga, kipaimara nimepata, kwaya naimba sauti ya pili, jumuiya sikosi. Lakini nikibaki peke yangu nikasali, naona kama naongea na ukuta. Wenzangu wanasema Mungu amewaambia hivi, amewaonesha vile. Mimi hajawahi kuniambia kitu. Rafiki yangu alinipeleka kwa mtu anayeombea watu, akasema nina kifungo cha ukoo, nitoe shilingi laki mbili anifungue. Sina hizo hela, na hata ningekuwa nazo moyo unasita. Nyumbani tupo wawili, mimi na mwanangu. Mama alifariki mwaka juzi, na dada yangu hatusemeshani tangu mazishi. Nataka kumjua Mungu kama mtu anavyomjua mtu wake. Nianzie wapi? Nimeacha gauni la mteja kwenye mashine ili nikuandikie.
Fundi, Magomeni

JIBU: Milele amina, na marahaba mwanangu.

Nianze na hiyo laki mbili, maana ndiyo ya haraka. Usitoe. Kitubio hakina bei, padre anakusikiliza bure. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na senti wala muda wa kufanya jema hata moja. Aliomba akumbukwe tu, akajibiwa siku ileile. Anayekutoza hela ili ufike kwa Baba yako anakuuzia mlango wa nyumba yenu. Na hilo neno la kifungo, naomba lisilale na wewe usiku. Umebatizwa. Ukoo wako sasa ni wa Kristo.

Sasa hao wanaosikia. Siwabezi, Mungu husema na watu anavyotaka. Ila mimi nina miaka 71, nimefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi, na masikio yangu haya hayajawahi kusikia sauti kutoka mbinguni. Mama Teresa wa Calcutta, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2016, alikaa karibu nusu karne, isipokuwa kwa muda mfupi tu, bila kuonja utamu katika sala. Watu walilijua hilo vizuri mwaka 2007, barua zake zilipochapishwa miaka 10 baada ya kifo chake. Huku ndani ni giza, na huku kila siku anapiga magoti mbele ya Ekaristi, kisha anakwenda kuosha vidonda vya watu. Ungempima kwa kipimo cha marafiki zako, ungesema mama huyu hana uhusiano na Mungu.

Ukienda misheni utauona ule mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa David Livingstone ulilala usiku mmoja, Februari 1874, kabla haujavushwa kwenda Zanzibar na baadaye Uingereza. Wageni husimuliwa habari ya akina Chuma na Susi, jinsi walivyoubeba kwa miezi kutoka huko ambako leo ni Zambia. Ni habari kubwa na inastahili kusimuliwa. Mimi nikipita pale hufikiria jambo dogo zaidi: watumishi wake walimkuta amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alichokuwa anamwambia Mungu usiku ule hakuna anayekijua, na hapakuwa na mtu wa kusema amesali vizuri au vibaya. Sala yako ya peke yako nayo ni hivyohivyo. Usiende kuilinganisha kwenye benchi la kwaya.

Acha nikueleze yaliyonipata.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa ngalawa. Alipofariki, mwaka 1998, nilikuwa kiongozi wa jumuiya yetu. Niliendelea kuongoza rozari, sauti haikutetemeka, watu wakasema mama yule ana imani. Ndani hapakuwa na kitu. Nilikuwa namsomea Mungu maneno kama katibu anavyosoma taarifa ya mkutano uliopita. Mambo yaliendelea hivyo zaidi ya mwaka.

Alfajiri moja niliamka na adhana. Mpaka leo ndiyo inayoniamsha. Muadhini akisema swala ni bora kuliko usingizi, nami natupa shuka. Nikakaa uani na beseni la changu, nawapara. Magamba yaliruka yakaganda mkononi mpaka karibu na kiwiko, yanang'aa kwenye mwanga wa kibatari. Nikakumbuka kwamba saa ile ndiyo aliyokuwa akirudi, na kwamba samaki nilizoea kupara alioleta yeye, hawa nimewanunua. Kisu kikasimama. Nikasema kwa sauti, wala sikupiga ishara ya msalaba kwanza: "Nimekukasirikia. Umemchukua, na mimi hukuniuliza."

Mwili ulinisisimka kwa hofu. Nilifikiri nimetukana. Kuku waliendelea kuchakura, jirani akafungua mlango akamwaga maji. Nikawamaliza samaki wangu.

Sauti haikuja. Ila kesho yake alfajiri nilikuwa na la kuendelea kumwambia. Kesho kutwa pia. Kabla ya hapo, nikishamaliza Salamu Maria ya mwisho nilikuwa nimemalizana naye mpaka jioni. Sasa nikawa nakwenda sokoni bado naongea naye, nabishana naye, nikirudi namkumbusha nilichosema asubuhi. Hasira ilichukua muda mrefu kuisha. Lakini nilikuwa namkasirikia mtu, mwanangu, na ukuta haukasirikiwi hivyo.

Baadaye ndipo nilipoona kwamba sikuwa nimevumbua kitu. Zaburi zimejaa malalamiko. Ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna mstari hata mmoja wa shukrani, na Kanisa linaisali. Aliyeitunga hakuja mbele za Mungu akiwa amejipanga. Alikuja na alichokuwa nacho.

Soma pia habari za Bartimayo, Marko sura ya 10. Kipofu amekaa kando ya njia, anapiga kelele, watu wanamkemea anyamaze. Yesu anasimama, anamwita, kisha anamuuliza: "Wataka nikufanyie nini?" Nilipokuwa nafundisha, watoto walikuwa wanacheka hapo. Bibi, si anaona kuwa yule ni kipofu! Anaona, ndiyo. Anataka asikie kutoka kwake. Bartimayo hakumtolea hotuba, alisema anataka kuona, basi.

Sasa nirudi kwenye barua yako, nimeisoma mara tatu. Umeandika mengi kuhusu ukuta na wale wanaosikia sauti, na maneno matano tu kuhusu dada yako: "dada yangu hatusemeshani tangu mazishi". Kisha ukaruka kwenda kwingine. Sikiliza vizuri, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi Mungu amekunyamazia kwa sababu ya ugomvi huo. Nikisema hivyo nitakuwa naagua kama yule wa laki mbili. Sijui mligombania nini, nyumba, vyombo vya marehemu, au neno moja lililosemwa msibani mbele ya watu. Ninachoona ni kwamba jambo hilo limekaa katikati ya kifua chako, na nina hakika hujawahi kumsimulia Mungu lote, kuanzia mwanzo, pamoja na sehemu ambayo kosa ni lako. Unamwombea mwanao, wateja, kodi ya chumba. Dada unamruka, kama ulivyomruka kwenye barua.

Yesu anasema ukileta sadaka yako na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache mbele ya madhabahu, nenda kwanza mkapatane. Sikwambii umpigie simu leo. Pengine bado ni mbichi, pengine naye hajawa tayari. Leo mtaje tu jina. Mwambie Mungu alichokufanyia, kwa maneno yaleyale unayomwambia rafiki yako mnapokunywa chai, bila kuyasafisha. Ukifika mahali ukaona aibu, usiparuke hapo. Kaa hapohapo kidogo.

Umeuliza uanzie wapi. Anza na dakika 10 kabla mtoto hajaamka. Kaa palepale kwenye cherehani, huna haja ya kutafuta mahali pengine patakatifu. Fungua Injili ya Marko, ndiyo fupi kuliko zote nne, sura 16 tu. Soma kisa kimoja, usizidishe. Kisome tena kwa sauti. Halafu mwambie Yesu kilichokugusa au kilichokuudhi humo, kisha unyamaze. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi wanapokimbia, maana akili inaondoka: gauni la mteja, ada ya shule, uzi umeisha. Usihangaike kuifukuza hiyo ada. Ndiyo iliyo moyoni, basi mwambie habari ya ada. Siku nyingine zitapita dakika zote 10 hujasikia chochote, utafunga kitabu, utapiga mswaki. Kesho rudi.

Misa usiache, wala jumuiya. Na umwone paroko wako ukaungame, hata kama unaona huna dhambi kubwa. Mara nyingi mtu hujisikia anasema ukweli kwa mara ya kwanza akiwa pale. Kule kwa mtu wa laki mbili usirudi, hata kwa kumuaga.

Gauni la mteja limalize kwanza, kisha uniandikie tena baada ya mwezi mmoja. Nataka kujua umefika wapi katika Marko.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Msata, nyumbani kwetu tunasema Kizigua. Kwenye jumuiya nasali kwa Kiswahili bila shida. Nikiwa peke yangu shambani Kizigua ndicho kinachokuja, nakikatisha naona kama si adabu. Je, ni kosa?
Kijana, Msata

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Si kosa, usikikatishe tena.

Mume wangu niliyemtaja hapo juu alikuwa Mkwere. Baba Yetu alifundishwa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ndivyo alivyoisali maisha yake yote. Siku moja kusi lilivunja mlingoti, ngalawa ikapinduka, akakaa majini ameishikilia tangu adhuhuri mpaka jua linazama, ndipo wenzake walipomwona. Usiku ule nilimuuliza alisali nini. Akasema Kiswahili chote kilimtoka. Alibaki anamwelekeza Mungu mahali alipo, kwa Kikwere, kama mtu anavyomwelekeza ndugu anayekuja kumtembelea: niko mbele ya mdomo wa Ruvu, jua liko huku, ufuo uko kule, maji yananivuta upande huu.